Zamu haijileti: mwongozo kamili wa kuendesha mjadala wa mtandaoni unaomfikia kila mtu

"Kuna mwenye la kuongeza?" Kimya. "Hakuna? Haya, tusonge mbele."

Ukipima muda kati ya swali lile na "tusonge mbele", mara nyingi hauzidi sekunde tatu. Ndani ya sekunde hizo mmoja alikuwa anatafuta kitufe cha maiki, mwingine sauti ilikuwa bado haijamfikia, wa tatu alikuwa na pingamizi ila analipanga kichwani kwa sababu bosi wake anasikiliza, na wa nne alishatupwa nje na mtandao. Muhtasari wa kikao utaandika kwamba wajumbe wote waliafiki.

Nimeendesha vikao vya namna hiyo vingi, na kwa muda mrefu niliwalaumu watu wenyewe: wavivu, waoga, hawajasoma waraka. Siku moja nikasikiliza rekodi ya kikao changu. Nilikuwa nimeongea karibu nusu ya muda wote, na mara mbili nilimfunika mtu aliyeanza kusema "Samahani, mimi..." bila hata kumsikia. Tangu hapo siridhiki tena na kutangaza kwamba kila mtu yuko huru kuchangia. Tangazo hilo huwafaa wale ambao wangeongea hata wasiporuhusiwa. Wengine wanahitaji utaratibu, na kuuweka huo utaratibu ndiyo kazi ya mwendeshaji.

Kwa nini mtandaoni ni kugumu zaidi

Tukizungumza ana kwa ana, pengo kati ya anayemaliza na anayepokea ni dogo mno. Utafiti uliolinganisha lugha 10 na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta wastani wake ni kama milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Tunaweza kupokezana upesi hivyo kwa sababu tunamsoma mwenzetu: anavuta pumzi, anainua jicho, anasogea kwenye kiti.

Mtandaoni ishara hizo hazionekani vizuri, na sauti yenyewe huchelewa njiani. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende bila usumbufu, na 400 iwe ndiyo kikomo. Mwenye mtandao dhaifu anaweza kuvuka vyote viwili. Kwa hiyo anayengoja pengo ili aingie kwa adabu haoni pengo. Likimfikia, limeshazibwa na mwingine. Anayepata nafasi ni mwenye mtandao mzuri, sauti kubwa na cheo, na mara nyingi huyo ni mtu mmoja.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya dakika kabla hujaita watu

Chukua kikao cha dakika 60 chenye watu 12. Toa dakika 10 za kufungua na 10 za kufunga, zinabaki 40. Ukizigawa sawasawa, kila mtu ana dakika 3 na sekunde 20. Sasa weka ajenda nne. Kila mtu amebakiwa na sekunde 50 kwa ajenda, na hapo hatujatoa muda wa "Mnanisikia?" na "Ngoja niwashe maiki".

Kikao kilichopangwa hivyo kimeshaamua nani atanyamaza kabla hakijaanza, na hakuna maneno matamu ya mwendeshaji yatakayokiokoa. Punguza. Taarifa za kusomwa zitume kwa maandishi. Acha ajenda moja ya kujadili, ukizidisha sana mbili. Watu wakizidi wanane, panga tangu mwanzo kuwagawa kwenye vyumba vidogo vya ndani ya programu (tutafika huko). Na kama jambo lenyewe uamuzi wake umeshapita, usiite mjadala. Waambie watu uamuzi, jibu maswali yao, waende. Hakuna kinachowafunga watu midomo kwa kikao kijacho kama kugundua kwamba hiki kilikuwa maigizo.

Kama mko kwenye kanda tofauti za saa, zungusha muda wa kikao, usiku mbaya usiwe wa watu walewale kila mara. Na kwa sisi wa Kiswahili kuna mtego mdogo: "saa tatu" ya mdomoni na 9:00 ya kwenye kalenda ya simu ni kitu kimoja, lakini si kila aliyealikwa anahesabu hivyo. Andika zote mbili.

Hatua ya 2: Andika swali, kisha liandike upya

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote ya maandalizi.

"Mnaonaje kuhusu mpango mpya?" ni swali linalowaita wenye maoni tayari. Aliyeingia kazini mwezi uliopita hana la kusema, na mwenye shaka hajui aanzie wapi. Linganisha na hili: "Ni sehemu gani ya mpango huu itakayokuongezea kazi wiki ya kwanza?" Kila mtu ana jibu, kwa sababu kila mtu anaijua kazi yake. Mgeni anaweza kujibu sawa na mkongwe, na anayejibu hajampinga mtu.

Kipimo changu ni hicho: je, mwenye cheo kidogo kuliko wote anaweza kulijibu kwa ukweli bila kulazimika kumpinga mkubwa wake hadharani? Kama hawezi, ligeuze. Badala ya "Mpango huu ni mzuri?" uliza "Tuseme miezi sita imepita na mpango umekwama. Umekwama wapi?" Pingamizi lilelile sasa limekuwa jibu la swali, halina sura ya ukaidi.

Epuka pia maswali matatu yaliyofungwa fundo moja. Watu watajibu la mwisho tu. Na "Hamwoni kwamba...?" si swali hata kidogo.

Hatua ya 3: Tuma mwaliko unaouliza mahitaji

Siku mbili au tatu kabla, tuma swali lenyewe na waraka. Anayefikiri polepole, anayeongea kwa lugha yake ya pili au ya tatu, na mwenye kigugumizi wote hufaidika na huo muda. Waraka uwe maandishi halisi. Ukipiga picha karatasi na kuituma, asiyeona ambaye anatumia kisoma skrini atasikia neno "picha" na basi.

Kisha uliza, kwa kila mtu, bila kumlenga yeyote. Mimi huandika hivi:

"Ili kikao kikufae, niambie faragha kama kuna kitu unakihitaji: manukuu ya maandishi, mkalimani wa lugha ya alama, kuingia kwa sauti tu, kuchangia kwa maandishi, au kingine chochote. Huna haja ya kueleza sababu."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Watu wengi hukaa kimya si kwa kukosa mahitaji bali kwa kuchoka kujieleza.

Mkalimani wa lugha ya alama atafutwe mapema. Kwa kikao kirefu wanatakiwa wawili, maana hupokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Kazi ile inachosha akili na mikono. Wapelekee waraka na orodha ya majina na istilahi.

Halafu kuna bando. Zoom yenyewe hukadiria kwamba sauti peke yake hutumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde. Kwa saa nzima, hiyo ni kama megabaiti 27 hadi 36 kwa upande mmoja. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa muda uleule. Ukilazimisha kamera, umeweka kiingilio mlangoni na hukukitangaza. Kama programu yenu inaruhusu kuingia kwa kupiga simu ya kawaida, weka namba kwenye mwaliko na ueleze vitufe. Kwenye Zoom, aliyepiga simu hubonyeza *9 kuinua mkono na *6 kuwasha au kuzima maiki. Asipoambiwa, atakaa kikao kizima akitafuta pa kubonyeza.

Hatua ya 4: Gawa kazi, usizibebe zote

Huwezi kuongoza mazungumzo, kusoma gumzo (ujumbe wa maandishi wa ndani ya kikao), kuandika muhtasari na kumrudisha aliyekatika, vyote kwa pamoja. Nimejaribu, kinachoanguka kwanza ni gumzo, na kwenye gumzo ndiko waliko wanyonge wa kikao.

Tafuta angalau mtu wa pili. Kazi yake ni kutazama gumzo na mikono iliyoinuliwa, na awe na ruhusa ya kukukatiza: "Samahani mwendeshaji, kuna hoja kwenye gumzo haijasomwa." Mpe ruhusa hiyo mbele ya watu wote ili asionekane anakuvunjia heshima. Wa tatu, akipatikana, aandike hoja kwenye ukurasa ambao kila mtu anauona. Kazi ya kuandika izungushwe. Kama kila mara inamwangukia dada mdogo kuliko wote ofisini, umemtoa kwenye mjadala kwa kisingizio cha kumpa jukumu.

Bosi asiendeshe mjadala anaoutaka uwe huru. Akiwa lazima awepo, zungumza naye kabla: ataongea wa mwisho, na hatajibu hoja moja moja zinapotolewa. Wengi hukubali ukiwaeleza sababu. Wachache hukubali, kisha wanasahau ndani ya dakika tano. Kwa hao, mtumie ujumbe wa faragha wakati kikao kinaendelea. Hiyo nayo ni faida ya mtandaoni. Ukumbini ungemkanyaga mguu chini ya meza.

Hatua ya 5: Dakika kumi za kwanza

Fungua chumba dakika kumi kabla kwa wenye shida za ufundi. Saa ya kikao ikifika, mfanye kila mtu atoe sauti au aandike neno moja ndani ya dakika tano za mwanzo. Swali liwe jepesi na fupi: jina unalopenda kuitwa, na jambo moja unalotaka lisisahaulike leo. Hili lina faida tatu kwa pamoja: unapima maiki, unajifunza matamshi ya majina, na kila mtu anavuka kile kizingiti cha kufungua mdomo mara ya kwanza. Aliyekwisha kuongea dakika ya tatu huongea tena dakika ya thelathini kwa urahisi zaidi.

Kisha sema utaratibu kwa maneno machache, na uubandike kwenye gumzo:

"Ukitaka kuongea, inua mkono wa kwenye programu au andika neno 'zamu' kwenye gumzo. Nitataja watatu wanaofuata kila mara. Ukitajwa na huna la kusema, sema 'napita', nitakurudia. Kabla ya kuongea taja jina lako. Kamera ni hiari."

Kuhusu kamera nina msimamo. Wapo wanaoamini kwamba bila kuona nyuso hakuna mjadala. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza sababu nne za uchovu wa vikao vya video: macho mengi yanayokutazama kwa karibu, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa pale pale bila kusogea, na kazi ya ziada ya kutuma na kusoma ishara za mwili. Ongeza hapo mtoto anayelia nyuma, chumba mnacholala wanne, na bando. Mwache mtu achague. Isipokuwa kitu kimoja: kama kuna kiziwi anayesoma midomo, anayeongea aombwe awashe kamera na kukaa penye mwanga, kwa zamu yake tu.

Kutaja jina kabla ya kuongea kunaonekana kama urasimu, lakini jaribu kumfikiria asiyeona, au aliyeingia kwa simu, au mkalimani, akisikia sauti sita asizozijua. Vivyo hivyo kwa unachoonyesha kwenye skrini: kisome. "Kama mnavyoona hapa" ni sentensi ya kuifuta kabisa kinywani.

Hatua ya 6: Kalamu kwanza, mdomo baadaye

Baada ya kusoma swali, usiombe mchangiaji. Omba kimya. Dakika tatu, kila mtu aandike jibu lake pembeni, asilitume. Zikiisha, hesabu "moja, mbili, tatu" na wote watume kwa pamoja.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Wa kwanza kuongea huchora njia, na waliobaki huipita hiyohiyo. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwapa watu kazi ya kulinganisha urefu wa mistari, jibu likiwa wazi kabisa, huku waliowatangulia kujibu wakiwa wamepangwa kukosea makusudi. Wengi walifuata kosa angalau mara moja. Lakini walipoachiwa waandike majibu yao faragha, ufuataji ulishuka sana. Kikao chako hakina tofauti, ila mistari yake haionekani wazi hivyo na aliyetangulia kujibu ndiye anayesaini mkataba wako.

Ukitaka mawazo mengi kwa muda mfupi, kuna mbinu ya Bernd Rohrbach ya mwaka 1968: watu 6, kila mmoja anaandika mawazo 3 kwa dakika 5, kisha karatasi inapita kwa jirani anayeongezea juu yake. Mizunguko sita ni nusu saa, na mkifuata hesabu mnapata mawazo 108. Mtandaoni karatasi inakuwa jedwali la pamoja lenye safu sita. Mengi kati ya hayo 108 yatakuwa makapi, na hakuna ubaya.

Onyo moja kuhusu gumzo. Anayetumia kisoma skrini anaweza kusikia kila ujumbe ukisomwa sikioni mwake huku mtu mwingine anaongea. Kwa hiyo muda wa gumzo uwe muda wa gumzo, na muda wa kuongea gumzo lipumzike, isipokuwa kuomba zamu. Wanaopenda kutupia vichekesho pembeni watanung'unika kidogo.

Hatua ya 7: Kugawa zamu

Mpaka hapa ulikuwa unaandaa. Sasa ndio mjadala wenyewe, na kuna mambo madogo madogo ambayo hakuna anayekufundisha.

Anza na mzunguko. Kila mtu dakika moja na nusu, hakuna anayejibu wala kuuliza mpaka wote waguswe. Mpangilio usiwe wa vyeo, wala ule wa skrini yako, kwa sababu kila mtu skrini yake imepangwa tofauti. Andika majina kwenye gumzo kwa mpangilio. Anayejua yeye ni wa tano hutulia na kusikiliza. Asiyejua lini ataitwa hutumia muda wote kujiandaa na hasikii kitu.

Mzunguko ukiisha, fungua foleni. Taja watatu kila mara: "Anayefuata ni Mama Rehema, kisha Juma, kisha aliyepiga simu, namba inayoishia na 42." Asiyeongea bado apewe nafasi kabla ya anayeongea mara ya pili, hata kama mkono wake umeinuka baadaye. Iseme kanuni hiyo wazi ili asiyeitwa asidhani unamchukia.

Ukiuliza, ngoja. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu hungoja baada ya swali na kukuta ni kama sekunde moja. Walipofika tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi ambao kwa kawaida hawakuongea walianza kuongea. Mtandaoni ongeza muda wa maiki na wa sauti njiani. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi nane. Ni muda mrefu kweli. Ukifika tano utaona aibu na kutaka kuziba. Kunywa maji. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mara nyingi mshindo huo huja kwenye sekunde ya saba.

Usimvizie mtu kwa jina. "Amina, umekaa kimya sana leo" ni aibu iliyovishwa nguo ya ukarimu. Badala yake mpe mlango na sababu, na njia ya kutokea: "Amina, wewe ndiye unayepokea simu za wateja. Baada ya Juma ningependa kusikia hili linaonekanaje kwako, au uandike ukipenda." Amepata onyo la mapema, anajua kwa nini anaulizwa, na anaweza kukwepa bila kudhalilika.

Sasa yule asiyenyamaza. Kila kikao kinaye, na mara nyingi si mtu mbaya, ana shauku tu. Kumkata kwa ukali huwaogopesha hata wanyamavu: wanaona kumbe hapa mtu hukatwa. Shika hoja yake, itaje, kisha upeleke mpira kwa mwingine: "Mzee, naomba nishike hapo. Hoja yako ni kwamba gharama zitapanda kabla ya mapato, mwandishi ameiandika. Nataka nisikie kwa ambao bado hawajaongea." Kutaja hoja yake ndiyo siri. Watu hurudia jambo kwa sababu hawana uhakika limesikika. Akirudia tena, mwonyeshe ilipoandikwa.

Kuzima maiki ya mtu kwa nguvu ni kwa kelele za nyuma na matusi tu. Kwa kelele, mwambie kwanini ili asidhani ameadhibiwa. Kwa matusi, zima, sema kwa sauti kilichotokea bila kuyarudia maneno yenyewe, na umfuate faragha aliyetukanwa kabla ya kumfuata aliyetukana.

Kuna wizi mdogo unaotokea kila wiki: mtu anatoa wazo, linapita kama upepo, dakika kumi baadaye mwingine analisema na linashangiliwa. Hapo mwendeshaji usinyamaze. "Hiyo inajenga juu ya alilosema Amina mwanzoni. Amina, ungependa kuliendeleza?" Sentensi mbili tu, bila lawama, na Amina ameona kwamba maneno yake yana mwenyewe.

Kuhusu lugha: kikundi chenye watu wa lugha tofauti kikubaliane mwanzoni kwamba mtu anaweza kuandika kwa lugha inayomtoka vizuri, na mwenzake atafasiri. Mawazo mengi mazuri hufia kwenye juhudi za kutafuta neno la kigeni. Anayeongea na akakwama, usimalizie sentensi yake. Ataifikia.

Hatua ya 8: Vyumba vidogo

Watu watatu kwa chumba ndiyo idadi ninayoipenda. Wakiwa wawili na mmoja akakatika mtandao, mwenzake anabaki peke yake. Wanne wakifika, mmoja huanza kujificha. Dakika nane hadi kumi zinatosha kwa swali moja.

Kosa la kawaida ni kueleza kazi kwa mdomo kisha kuwatawanya. Wakifika chumbani wanaulizana, "Ametuambia tufanye nini?" Na gumzo la chumba kikuu kwenye baadhi ya programu halionekani vizuri wakiwa ndani. Weka swali kwenye ukurasa wa pamoja ambao kiungo chake kila mtu ameshakifungua. Msemaji asichaguliwe kwa kujitolea, maana atajitolea yule yule. Weka kanuni ya bahati, kama mwenye jina linaloanza na herufi ya mwisho kialfabeti. Mkalimani na mtumiaji wake wapangwe chumba kimoja kwa mkono, usiiachie programu igawe ovyo. Waliopiga simu pengine hawawezi kuhamishwa. Watengenezee kikundi chao kwenye chumba kikuu, ukae nao.

Wakirudi, kila chumba kiseme jambo moja ambalo halijasemwa na chumba kilichotangulia.

Hatua ya 9: Uamuzi usiotegemea ukimya

"Asiyekubali aseme" ndiyo njia mbovu kuliko zote mtandaoni, kwa sababu aliyekatika mtandao anahesabiwa kuwa amekubali. Mwombe kila mtu atoe namba kwa wakati mmoja, kwa kuhesabu moja mbili tatu kama tulivyofanya awali: 0 ni "sikubali kabisa", 5 ni "nitaupigania". Walioko kwenye simu wataje kwa sauti, wao kwanza. Waliotoa 0 hadi 2 waulizwe jambo moja tu: "Nini kikibadilika utapanda hadi 3?" Swali hili huzaa marekebisho; "Kwa nini unapinga?" huzaa ugomvi.

Kwa jambo nyeti, tumia kura ya siri ya ndani ya programu, na hakiki kabla kwamba kweli ni ya siri. Baadhi huonyesha majina kwa mwenyeji wa kikao.

Hatua ya 10: Baada ya kikao

Tuma muhtasari ndani ya saa 24 na uache dirisha la siku mbili kwa nyongeza, za maandishi au za ujumbe wa sauti. Taja humo kwamba uamuzi utathibitishwa dirisha likifungwa, la sivyo nyongeza ni pambo tu. Wale ambao mtandao uliwatupa nje wana haki ileile ya kuhesabiwa.

Kisha fanya kitu ambacho mimi hukifanya kwa karatasi na kalamu wakati kikao kinaendelea: orodha ya majina, na kistari kimoja kila mtu anapoongea. Mwaka 2010 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anita Woolley na wenzake kwa watu 699 waliofanya kazi katika makundi ya wawili hadi watano. Uwezo wa kundi kutatua mambo haukufungamana sana na akili ya mwenye akili kuliko wote. Makundi ambayo wachache walitawala maongezi ndiyo yaliyofanya vibaya zaidi. Vistari vyangu ni kipimo cha kijinga ukilinganisha na huo, lakini havidanganyi. Kikao changu cha mwisho mmoja alikuwa na vistari 14, wawili hawakuwa na hata kimoja, na mimi nilikuwa na 22.

Wale wawili niliwaandikia jioni ileile, kila mmoja peke yake: "Leo sikukusikia, na naona sikukuachia mlango mzuri. Swali la ratiba bado liko wazi hadi keshokutwa saa kumi jioni. Ukitaka, niandikie au nitumie sauti, nitaliingiza kwenye muhtasari kwa jina lako au bila jina." Mmoja alijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Wa pili alishukuru tu. Nimeliweka jina lake liwe la kwanza kwenye mzunguko wa kikao kijacho, na nimeshamjulisha.